Mbwa wa Madoa na Mlango wa Mama

Sikuwahi kuwa mtu wa mbwa. Nalisema hili mapema ili nisisingiziwe huruma ambayo sikuwa nayo. Kwetu, karibu na soko la Birongo, mbwa alilala nje, alikula kilichobaki, na neno aliloambiwa mara nyingi kuliko yote lilikuwa "toka." Kilichonipeleka kutafuta mbwa, tena mbwa wa kizungu mweupe mwenye madoa meusi, ni mlango wa nyumba ya mama yangu.

Yafaa niueleze mlango huo. Kijana wa Kigusii akishatahiriwa haingii tena kwa mamake ovyo ovyo. Husimama nje, akakohoa au akasema neno, kisha akangoja aambiwe karibu. Asipoambiwa, haingii. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hata walevi waliishika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimesoma shule ya misheni, navaa viatu siku za kazi, lakini mlangoni kwa mama nilikohoa vile vile alivyokohoa babu yangu kwa mamake.

Taabu ni kwamba mama alikuwa ameacha kusikia. Hakuacha kwa siku moja. Alianza kwa kuuliza jambo mara mbili, halafu akaacha kuuliza, halafu akaanza kutabasamu. Wageni walidhani uzee umempa upole. Mimi nilijua, dada yangu aliyeolewa mbali alijua, mke wa baba mdogo aliyekuwa jirani yetu alijua, na hakuna aliyesema. Kumwambia mzazi kwamba mwili wake umepungua ni kumvunjia heshima, na kumpigia kelele ni kubaya zaidi, kwa maana kelele ni za ng'ombe na watoto. Kwa hiyo niliendelea kuzungumza naye kwa sauti ile ile ya chini niliyofundishwa, naye akaendelea kunijibu mambo yake. Nikimwambia mvua imeharibu barabara ya Keroka, ananiambia kuku mwekundu ametaga. Tuliishi hivyo miaka mitatu, baba akiwa ameshafariki na mama akiwa peke yake katika nyumba ile.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa karani wa maziwa upande wa Nyansiongo, kwenye mashamba ya walowezi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mazizi, kupima maziwa na kuandika. Ijumaa mchana lori la maziwa lilinishusha njia panda, nikatembea hadi nyumbani kabla jua halijatua, kwa sababu sisi ni watu wa Sabato. Nikimkuta mama uani au migombani, mambo yalikuwa mepesi. Nikimkuta ndani, nilikohoa, nikakohoa tena, na mpita njia angedhani nina kifua kikuu. Mke wa baba mdogo akiwa karibu, aliingia akamwambia nimefika. Asipokuwapo, nilikwenda kwenye kibanda changu nikangoja mama atoke kwa shughuli zake.

Ijumaa moja nilikohoa na mama hakutoka. Paa halikutoa moshi. Nikajiambia amekwenda kwa dada yake. Asubuhi nikapita nikakohoa tena, nikaenda kanisani, nikatazama upande wa wanawake, sikumwona, nikaimba nyimbo zote mpaka mwisho. Adhuhuri mke wa baba mdogo aliingia kumtazama, akatoka mbio. Mama alikuwa na homa tangu Alhamisi. Alikuwa amelala chini, midomo imepasuka kwa kiu, hatua nne kutoka mahali niliposimama nikikohoa.

Alipona. Mimi niliona aibu ambayo hadi leo sijui kuieleza vizuri, na hasira pia, ila sikujua nimkasirikie nani.

Mmoja wa wenye mashamba niliowapimia maziwa alikuwa memsabu mjane, mrefu, aliyevaa kofia ile ile mvua na jua. Alifuga mbwa wa madoa nyumbani mwake, majike wawili na dume mmoja, na walilala ndani. Asubuhi moja, wiki chache baada ya homa ya mama, nilifika mlango wa jikoni na karatasi zangu. Memsabu alikuwa anashona kwa cherehani, mgongo ameugeuzia mlango, na cherehani ile ilikuwa na kelele. Kabla sijakohoa, jike mzee aliinuka, akamwendea, akamgusa mkono kwa pua, kisha akatembea hadi mlangoni nilipokuwa. Memsabu akaacha kushona akaja. Siku hiyo niliandika maziwa ya shamba moja kwenye karatasi ya shamba jingine, kwa kuwa sikuwaza kitu kingine.

Kumwomba mbwa lilikuwa jambo zito. Memsabu yule alikuwa mgumu kwa watoto wa mbwa wake kuliko wazee wa kwetu kwa mabinti zao. Jike akizaa alipumzishwa mwaka mzima au zaidi. Kila mtoto aliandikwa kwenye daftari pamoja na mama yake na bibi yake. Hakuna aliyetoka pale kabla ya kutimiza wiki nane, na mbwa akimshinda mtu, ilikuwa lazima arudishwe kwake, asipewe mwingine. Niliwahi kumwona akimnyima mlowezi mwenzake aliyetaka mbwa wa kufunga mnyororo uani. Bwana yule aliondoka na gari lake kwa hasira, na memsabu akarudi kunywa chai.

Wakati huo mmoja wa majike alikuwa amezaa sita. Nilipowaona siku ya kwanza walikuwa weupe kabisa, bila doa hata moja, nikadhani dume la jirani limeruka ua. Baada ya wiki mbili hivi madoa yakaanza kujitokeza. Walipokuwa na wiki tano nilijikaza nikaomba. Nilitegemea atacheka, lakini alitoa daftari.

"Mbwa nalala wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha shambani. "Nani nakaa na yeye muchana? Nyumbani yako mutu napiga mbwa?"

Nikamwambia mbwa ni wa mama yangu, anakaa peke yake, anahitaji wa kumjulisha mgeni akifika.

"Basi mama nakuja hapa," alisema. "Mimi hapana toa mbwa kwa mutu mimi hapana ona."

Hapo ningemwambia habari ya masikio. Sikumwambia. Kumweleza mgeni jambo ambalo sikuthubutu kumtajia mama mwenyewe niliona ni sawa na kumvua nguo sokoni. Likawa kosa langu kubwa, na nililifanya kwa adabu tupu.

Mke wa baba mdogo, ambaye kama mwanamke mwenzake aliweza kumsogelea mama sikioni na kupaza sauti, ndiye aliyemweleza kwamba tunakwenda kwa Mzungu kutazama mbwa. Mama hakuuliza ni wa nini. Jumapili alivaa gauni lake la kanisani, akafunga chane ya ndizi mbivu kwenye kitambaa, tukapanda lori, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na mikebe ya maziwa.

Memsabu alituketisha kwenye baraza ya jikoni, akatuletea chai, akampa mama kigoda chenye mto. Maswali yakaanza. Aliuliza, mimi nikamgeukia mama nikatafsiri kwa Kigusii, kwa sauti ya chini kama inavyopasa. Mama alitazama mdomo wangu, akatabasamu, akasema bati la nyumba hii ni zuri. Nikamgeukia memsabu nikasema, "Anasema mbwa atalala ndani, karibu na moto."

Memsabu akaandika. Akauliza mbwa atakula nini. Mama akaniambia miguu ya mama huyu ni mirefu, maskini, alipata wapi mume. Nikasema, "Anasema uji wa wimbi na maziwa, na nyama ikichinjwa." Akauliza kama mama amewahi kuishi na mbwa. Mama akasema chai haina sukari ya kutosha. Nikasema ndiyo, tangu utotoni, na hakuwahi kumpiga hata mmoja. Nilikuwa natoka jasho, lakini mambo yalikwenda vizuri mno, na nikaanza kujiona hodari.

Kisha memsabu akaleta watoto wa mbwa. Aliwawekea maziwa kwenye sinia pana mbele ya mama, wote sita wakainamisha vichwa na kulamba. Yeye akazunguka nyuma yetu. Sikujua anafanya nini mpaka niliposikia kishindo. Alikuwa na mfuniko wa debe na mwiko, akaugonga mara moja kwa nguvu, karibu na kisogo cha mama.

Niliruka nikajimwagia chai. Mbwa watano waliinua vichwa wakatazama kelele ilikotoka. Wa sita aliendelea kulamba. Na mama aliendelea kupuliza kikombe chake.

Memsabu akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Watano wakatazama. Mmoja akalamba. Mama akanywa chai.

Basi memsabu akaja mbele, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. "Karani," alisema. Nilitazama viatu vyangu.

Mama naye hakuwa mjinga. Alikuwa amewaona mbwa watano wakikodolea macho kitu nyuma ya bega lake, na sasa akaona mfuniko na mwiko mikononi mwa memsabu. Akashusha macho kwa yule wa sita, aliyekuwa amebaki peke yake kwenye sinia, madoa mawili makubwa masikioni. Memsabu alimwinua, akamgeuza, akagonga mara ya tatu nyuma yake, akatikisa kichwa. Akatoa uzi mwekundu mfukoni mwa aproni, akamfunga shingoni.

"Mimi nafikiri hivyo tangu wiki jana," alisema. "Huyu hapana sikia. Mbwa ya madoa iko na ugonjwa hii. Daktari ya ng'ombe nakuja Alhamisi, namaliza yeye. Hapana umia."

Mama akaniuliza, "Wamemfunga uzi wa nini?"

Nilimjibu kwa sauti ya chini.

Aliweka kikombe chini. "Mwanangu," alisema, "mimi sisikii. Wewe unajua sisikii, na mimi najua unajua. Sema kwa nguvu."

Sijawahi kuona jambo zito kama hilo. Nilivuta pumzi, nikainama mpaka usawa wa uso wake, na mbele ya memsabu na mpishi wake aliyetoa kichwa dirishani, nikampigia mama yangu kelele.

"Hasikii! Watamuua!"

Katika miaka mitatu, hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza aliyoyasikia.

Mama alimchukua yule mbwa kutoka chini alipowekwa, akampakata juu ya gauni la kanisani pamoja na maziwa yaliyokuwa yakimtiririka kidevuni. "Muulize huyu mama," alisema, "kama kwao wasiosikia wote wanamalizwa, au ni mbwa tu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kweli siku ile.

Memsabu hakuwa mtu mbaya, na alichomjibu kilikuwa na akili. Alisema mbwa asiyesikia hukanyagwa na magari. Alisema akiguswa usingizini hushtuka na kuuma. Alisema watu humwita wakidhani anasikia, asipokuja humwona mkaidi, wakampiga maisha yake yote. Yeye hakuwa tayari kumtoa mbwa aende kupigwa. Nilimpazia mama kila neno, na kadiri nilivyopaza ndivyo nilivyoacha kujiona mkosaji. Mama alisikiliza akitazama mdomo wangu.

"Mwambie hata mimi wananiita mkaidi," alisema. "Nikiguswa kwa nyuma nashtuka. Lakini bado sijamuuma mtu."

Memsabu akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakaa nayo magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe. "Mimi nafikiri," alisema mwishowe. Uzi hakuufungua.

Tulirudi mikono mitupu. Mvua ilianza, na dereva akasema nibanane nao mbele. Nilikuwa nimeghadhibika. Nilimpazia mama sauti juu ya mngurumo wa injini, dereva akisikia yote, kwamba mbwa kiziwi atatusaidia nini, tulikwenda kutafuta masikio, tulikuwa na nafasi ya kuchagua katika watano wazima, na yeye ameng'ang'ania yule mmoja.

"Wewe ndiye uliyekwenda kutafuta masikio," mama alisema. "Mimi nilikwenda kutazama mbwa."

Alhamisi nilipita pale kwa kazi yangu. Gari la daktari wa mifugo lilikuwa uani. Watoto wa mbwa walikuwa wakicheza majanini, nikawahesabu bila kutaka, wakawa watano. Nikawahesabu tena. Nilishikwa na uchungu kuliko nilivyotarajia, na nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama, na jinsi ya kuyapaza mbele ya majirani. Nilipopeleka karatasi jikoni, memsabu alikuwa anashona. Wa sita alikuwa amelala kwenye kikapu juu ya meza, karibu na cherehani ile yenye kelele, akikoroma.

"Daktari nasema mimi iko mjinga," alisema bila kugeuka. "Wewe najenga ua. Ua muzuri. Mbwa hapana toka barabarani bila kamba. Mama yako nashindwa, narudisha kwa mimi. Hapana pa mutu mwingine. Sikia?"

Nikasema nimesikia.

"Mutu nasikia, nasahau yeye hapana sikia," aliendelea, akikata uzi kwa meno. "Mama yako hapana sahau."

Nilijenga ua wa miti na miiba, Jumapili mbili, kuzunguka nyumba ya mama. Mbwa alipotimiza wiki nane mama alikwenda kumchukua mwenyewe. Memsabu alimfundisha kitu kimoja tu. Alimlaza mbwa kwenye mbao za baraza, akasimama mbali, akapiga mguu chini. Mbwa aliamka akamtazama. Alikuwa ameihisi mbao ikitikisika. Mama akapiga mguu wake, mbwa akamtazama yeye. Wanawake wale wawili, wasiojua lugha moja, wakawa wanakanyaga sakafu kwa zamu, mmoja na viatu vya ngozi, mwingine pekupeku, na mbwa akigeuza kichwa huku na huku. Nilikuwa tayari kutafsiri lakini hakuna aliyenihitaji.

Birongo walimwita mbwa wa kanga, kwa kuwa alikuwa na madoa kama ndege huyo. Watu walimpigia miluzi wakashangaa anavyowapuuza, wakasema ana maringo ya kizungu. Memsabu alikuja mara moja bila kutoa taarifa. Aliingia moja kwa moja ndani bila kukohoa, kwa kuwa hakujua, akamkuta mbwa kwenye gunia lake karibu na moto, akanywa uji aliopewa, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka.

Na mlango ulibaki vile vile.

Ijumaa moja, mbwa akiwa amefikisha kama miezi mitano, nilifika nyumbani mvua ikinyesha. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ndani, mgongo ameugeuzia mlango, akichambua wimbi kwenye ungo. Mbwa alikuwa ameweka kidevu juu ya mguu wake, akitazama moto. Nilisimama chini ya michirizi ya paa nikakohoa. Hakuna aliyegeuka. Nikakohoa tena. Nikakumbuka yale ya memsabu, nikapiga mguu chini, lakini ardhi ya mlangoni ilikuwa tope, ikaumeza mguu wangu na kiatu. Pale nilipokuwa nimesimama ndipo nilipokuwa nimesimama ile Ijumaa ya homa.

Nikavua viatu. Nikavuka kizingiti bila kuambiwa karibu, mara ya kwanza tangu nitahiriwe. Sikuwatokea nyuma. Nilipita kando ya ukuta, polepole, nikazunguka hadi upande wa pili wa moto, nikasimama mahali ambapo wote wawili wangeniona.

Mbwa aliniona kwanza, mkia ukapiga sakafu. Mama akauhisi, akainua macho kutoka kwenye ungo. Hakushtuka.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikijiuliza unangoja nini."

Akanisogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kuchambua wimbi.